Kutafuta kisichosogea: shajara ya mradi wa meli zilizozama

Januari

Mradi huu una kazi moja: kukusanya kwenye jedwali moja mabaki ya meli yanayoonekana kwenye picha za satelaiti zinazotolewa bure, popote duniani, na kuandika kwa kila moja ni dalili gani iliyoifichua. Safu za jedwali ni chache: latitudo na longitudo, tarehe za picha, aina ya dalili, urefu uliopimwa, na kiwango cha uhakika. Kazi hii naifanyia Dodoma, jioni na mwisho wa wiki, baada ya shughuli za mchana za kupima viwanja na kuchora ramani za vijiji. Bahari iko mbali na hapa, lakini picha ya Bahari ya Shamu inanifikia kwa bando lile lile linaloniletea picha ya Chamwino.

UNESCO inakadiria kwamba sakafu ya bahari zote za dunia imebeba zaidi ya meli milioni 3 zilizozama. Nyingi ziko vilindini, ambako hakuna satelaiti itakayoziona. Kilichobaki kwa mtu kama mimi ni ukingo mwembamba wa pwani: miamba, mafungu ya mchanga, midomo ya mito, maji ambayo nguzo ya umeme ingesimama na ncha yake ikaonekana juu. Ukingo huo ni mwembamba, lakini ndiko watu wanakovua, wanakopita na majahazi na wanakolima mwani. Chuma kilicholala hapo kinawahusu.

Picha ninazozitegemea ni za Sentinel-2, satelaiti za Umoja wa Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na zikiwa mbili hupita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 5. Pikseli moja ni mita 10 kwa 10. Chukua meli ya mizigo ya aina ya Liberty, zile zilizojengwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zaidi ya 2,700. Urefu wake ni mita 135, upana mita 17. Kwenye picha yangu ni pikseli 13 kwa 2. Hakuna mlingoti, hakuna dohani, omo na tezi hazitofautiani. Anayetegemea kuona umbo la meli ataondoka mikono mitupu, isipokuwa kwa zile kubwa kabisa.

Kwa hiyo mradi umejengwa juu ya jambo jingine. Meli nzima hutembea. Wingu hutembea, wimbi hutembea, kivuli cha wingu kinafuata wingu lake. Nikiweka picha za mwaka mzima za mahali pamoja, moja juu ya nyingine, na kwa kila pikseli nikachukua thamani ya katikati, vyote vinavyotembea vinafutika. Kinachobaki ni kile kisichosogea. Mwamba nao hausogei, naam, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa kutenganisha hivyo viwili. Lakini mwamba ulikuwapo tangu zamani, na meli ina siku iliyofika. Hapo ndipo kumbukumbu za picha za miaka ya nyuma zinapokuwa mali.

Februari

Kabla ya kutafuta kisichojulikana nimepitia zinazojulikana, ili macho yazoee.

Nimeanza na Eduard Bohlen, meli ya Kijerumani iliyokwama kwenye ukungu pwani ya Namibia tarehe 5 Septemba 1909. Tangu hapo mchanga umejaza ufuo, na leo meli imelala jangwani, kama mita 400 kutoka kwenye maji. Kwa mtu anayejifunza, hii ni zawadi: hakuna wimbi la kukuchanganya, hakuna kina cha kuhesabu, ni doa jeusi refu juu ya mchanga mweupe, na kivuli chake kinahama kidogo kufuata majira ya jua huku lenyewe limetulia.

Maheno, kwenye kisiwa cha K'gari huko Australia, iliwahi kuwa meli ya hospitali katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1935 ilikuwa inavutwa kwenda Japani kukatwa vyuma, dhoruba ikaikata na kuitupa ufukweni. World Discoverer, meli ya watalii, iligonga mwamba Visiwa vya Solomon tarehe 30 Aprili 2000; nahodha akaipeleka Roderick Bay abiria wakashuka, na hadi leo imelala ubavu hapo. Jassim, kivuko cha mizigo cha urefu wa mita 81, kilipanda mwamba wa Wingate karibu na Port Sudan mwaka 2003, na kwenye Google Earth unaliona umbo lake lote juu ya tumbawe, bila kuhitaji ujuzi wowote. Zote nimeziandika.

Iliyonifundisha zaidi ni Wakashio. Tarehe 25 Julai 2020 meli hii ya kubeba shehena, urefu wake karibu mita 300, ilipanda mwamba Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Mauritius. Sentinel-2 ilikuwa inapita juu kama kawaida yake, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuufuata mkasa mzima kwa mfuatano: picha za kabla, ukingo wa mwamba mtupu na povu lake, kisha mstari mnene mwekundu na mweusi umeukata ukingo huo. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja, kama tani 1,000 yakaingia baharini, na kwenye picha unaona utepe mweusi ukitambaa kuelekea mikoko na rasi. Tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili. Kipande cha mbele kilivutwa na kuzamishwa kilindini, cha nyuma kikabaki mwambani hadi kilipokatwakatwa.

Nimekaa na mfuatano huu kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji jedwali. Sababu ni kwamba hapa dalili zote ziko pamoja, na kila moja ina tarehe. Povu la wimbi liligeuka sura siku ile meli ilipofika, kwa sababu wimbi lilipata ukuta mpya wa kugonga. Nyuma ya meli, upande wa rasi, maji yalitulia kwa umbo la pembe tatu. Hivi viwili, povu lililovunjika na maji yaliyotulia nyuma yake, ndivyo ninavyovitafuta sasa hata pale ambapo chuma chenyewe hakionekani.

Machi, mvua bado zinanyesha

Somo la mwanga. Maji hayazimi rangi zote kwa pamoja. Infraredi ya karibu, mwanga ambao jicho halioni, huishia kwenye maji ya juu kabisa, ndiyo maana kwenye mkanda huo, yaani picha ya mwanga huo peke yake, bahari ni nyeusi tii, na kitu chochote kinachotokeza juu yake, hata bati lenye kutu, kinang'aa. Nyekundu inafifia ndani ya mita chache. Kijani na bluu ndizo zinazoshuka, na katika maji safi ya matumbawe zinaweza kufika mita 20 hadi 30 na kurudi na habari.

Mahali pa kujifunzia hili ni hapa hapa mkoani. Bwawa la Bahi linajaa wakati wa mvua, Mto Bubu unaingia na tope lake, mashamba ya mpunga yanakuwa kijani pembeni, na kufika Septemba sehemu kubwa imekauka. Nikitumia mkanda wa kijani na wa infraredi kwa pamoja, napata mpaka wa maji wa kila mwezi, na naweza kuuthibitisha kwa kupanda basi. Nimekwenda, nimesimama ukingoni na simu, nikasoma mahali nilipo, na mstari wa kwenye ramani ulikuwa pale ulipotakiwa kuwa. Hombolo nako nimetazama: mitumbwi ya wavuvi haionekani kwa namna yoyote, ipo ndani ya pikseli imechanganyika na maji. Ni vizuri kujua hilo kwa mahali ninapoweza kufika kwa mguu, kabla sijatoa hukumu juu ya pwani ya Mauritania.

Bahi pia inaonyesha tatizo jingine. Maji ya tope hurudisha mwanga mwingi kuliko maji safi, na programu ikaanza kuyaona kama nchi kavu. Baharini jambo hili litarudi, na safari hiyo tope ndilo litakalokuwa shahidi wetu.

Aprili

Tope kama shahidi. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoipenda kuliko zote.

Mbele ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, bahari ni ya kina kifupi na chafu kwa mashapo. Huwezi kuona chini hata mita tatu. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba picha za Landsat 8, satelaiti ya Marekani yenye pikseli ya mita 30, zinafichua meli zilizozama pale pale. Walichunguza meli nne ambazo mahali zilipo panajulikana kwa vipimo vya sauti. Sansip na Samvurn, zote za aina ya Liberty, zilizamishwa na mabomu ya baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nippon ilizama 1938 baada ya kugongana na meli nyingine. Neutron, ndogo kuliko wenzake, ilizama 1965, na inadhaniwa iligonga mabaki ya Sansip yenyewe. Mtu akiuliza kwa nini tunahangaika kuandika vitu vilivyokwisha zama, jibu ni Neutron.

Namna inavyofanyika ni hivi. Meli iliyolala chini ni kizuizi. Mkondo wa maji kupwa na kujaa unapoigonga unazunguka pembeni na kuchimba mashimo. Mkondo ukitulia, kati ya kupwa na kujaa, vumbi laini la mashapo linashuka na kujaa kwenye mashimo hayo. Mkondo ukishika kasi tena, vumbi lile linatimuliwa, linapanda hadi juu ya maji na kuburutwa upande mkondo unakoelekea. Kutoka angani unaona utepe mweupe wenye chanzo kimoja kisichosogea, wakati mwingine wenye urefu wa kilomita 4. Maji yakigeuka, utepe nao unageuka, mkia unakwenda upande wa pili, lakini kichwa kinabaki pale pale. Kwa anayeishi Dodoma picha hii haihitaji maelezo: ni kama kuona vumbi la lori barabara ya Kondoa kutoka juu ya mlima, lori lenyewe hulioni, unajua lilipo.

Nimerudia jambo hilo kwa Sentinel-2 kwenye eneo lile lile la Ubelgiji, na tepe zipo, nyembamba na kali zaidi kwa sababu pikseli ni ndogo. Nimeandika programu fupi ya kutafuta chanzo kinachojirudia: ichukue picha zenye mkondo wa upande mmoja, ichukue zenye mkondo wa upande wa pili, ioneshe mahali ambapo mikia miwili inakutana. Inafanya kazi pale penye mkondo mkali, mashapo laini na kina kisichozidi mita 15 hivi. Nimeiwekea mipaka hiyo kwenye jedwali, ili mtu asiipeleke kwenye maji safi ya Pemba halafu akashangaa haioni kitu.

Mei

Rada. Kwa kifupi, kwa sababu bado niko mwanzoni.

Sentinel-1, satelaiti za rada za Umoja wa Ulaya, haitegemei jua wala anga safi. Inatuma mawimbi yake yenyewe, ya urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, na kusikiliza yanavyorudi. Bahari tulivu huyatupa mbali, inaonekana nyeusi. Chuma chenye kona na kuta huyarudisha moja kwa moja, kinang'aa kama nyota. Nouadhibou, Mauritania, panatosha kuonyesha: kwa miaka mingi meli zilizochakaa zilitelekezwa kwenye ghuba ile hadi zikafika zaidi ya 300, na ingawa nyingi zimeondolewa, ghuba bado inang'aa kwenye rada. Nikichukua wastani wa mwaka, meli za uvuvi zinazoingia na kutoka zinafifia, zilizokwama zinabaki.

Rada ina faida nyingine. Mafuta yakienea juu ya maji hulainisha viwimbi vidogo, na doa linakuwa jeusi zaidi kuliko bahari inayolizunguka. Doa jeusi linaloanzia mahali pamoja kila mara, pasipo na kisima wala bomba, ni la kulitazama mara mbili. Lakini upepo ukilala nao unaleta madoa meusi, na hayo hayana maana yoyote.

Juni

Vinavyojifanya meli. Orodha imekuwa ndefu na naiandika kwa sababu itamwokolea mwingine muda.

Fukwe za kukatia meli: Alang nchini India, Gadani nchini Pakistan, Sitakunda nchini Bangladesh. Kwenye picha ni meli zilizokwama kwa safu, tezi baharini, omo mchangani. Hazikuzama, zililetwa makusudi kukatwa. Ukizifuata kwa miezi unaona zinafupika kutoka mbele. Nimezitoa kwenye jedwali lote.

Mashamba ya mwani ya pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani: mistatili myeusi kwenye maji meupe, yenye kingo zilizonyooka. Programu inapenda kingo zilizonyooka. Lakini shamba la mwani linavunwa na kupandwa, rangi yake inapanda na kushuka kwa wiki, na chuma hakifanyi hivyo.

Ndege angani. Hapa Sentinel-2 yenyewe inatusaidia, kwa sababu mikanda yake ya rangi haipigwi kwa wakati mmoja kabisa. Kuna tofauti ya sekunde moja hivi au pungufu. Kilichotulia kinapata rangi zake zote mahali pamoja. Kinachokwenda kasi, kama ndege, kinaachana: bluu hapa, kijani pale, nyekundu mbele kidogo. Ndani ya picha moja tu una ushahidi wa mwendo. Mawingu ya juu nayo yanaonyesha ukingo wa upinde wa mvua kwa namna hiyo hiyo.

Halafu kuna ukosefu ambao hauna dawa. Sentinel-2 ilipangiwa kupiga nchi kavu na maji ya pwani hadi kilomita 20 hivi kutoka ufukweni. Miamba iliyo peke yake katikati ya bahari inaweza isipigwe kabisa, na huko ndiko meli nyingi zilikopotelea.

Julai, baridi na upepo

Nimehamia pwani yetu, na nimekuta bahati ambayo sikuitarajia.

Sentinel-2 inafuata jua. Popote inapopita mchana, ni karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa za jua za mahali pale. Maji kupwa na kujaa yanafuata mwezi. Kwa hiyo kila mahali pana uhusiano wake kati ya saa ya satelaiti na hali ya maji wakati wa bamvua. Kuna pwani ambako kila bamvua satelaiti inakuta maji yamejaa, na miamba yake haitaonekana ikiwa tupu hata zikipita picha za miaka mia. Pwani ya Tanzania imepata upande mzuri: siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu yanafika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Yaani satelaiti inapita wakati ule ule akina mama wa Jambiani wanapotembea hadi ukingo wa mwamba. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo inaweza kufika mita 3 na nusu au zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake.

Kwa hiyo kwa pwani yetu sichukui tena picha za mwaka mzima. Nachukua za bamvua peke yake, naziweka upande mmoja, na za maji mafu upande mwingine, kisha natoa tofauti. Kitu kinachotokea na kupotea kwa mwezi, na ambacho hakisogei, kinajitenga chenyewe.

Nilipofika delta ya Rufiji nilisimama. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliitafuta wiki kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba meli yao Chatham iliona milingoti juu ya miti. Novemba rubani mmoja, Dennis Cutler, aliruka na ndege dhaifu ya majini na kuiona kutoka juu. Ilipopigwa mara ya mwisho, tarehe 11 Julai 1915, ndege ziliruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga risasi zinaangukia wapi. Kazi ya kutafuta chuma kwa kutazama kutoka angani ina zaidi ya miaka 100 hapa kwetu.

Na chuma chenyewe hakikubaki Rufiji chote. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 ya milimita 105, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakaisambaza. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen kule Kigoma, meli ambayo leo tunaiita Liemba, na njia ya kuufikisha kule ilikuwa reli ya kati, hii inayopita Dodoma mjini. Mwaka 1916 mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa Irangi, kwenye mapigano na majeshi ya van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza. Mtu wa Kondoa ambaye hajawahi kuona bahari alisikia sauti ya manowari.

Kwenye picha za leo Königsberg haipo. Miaka ya 1960 wakataji wa vyuma chakavu waliifanyia kazi, kilichobaki kimemezwa na tope, na mikoko imehamisha kingo za mto. Nimepanga picha za bamvua za eneo lile na hakuna ninachoweza kuandika kwa uaminifu. Nimeiweka kwenye jedwali na kiwango cha uhakika sifuri, nikaeleza kwa nini. Jedwali linalonyamazia kisichoonekana linamdanganya anayelisoma.

Agosti

Watu wanaouliza kuhusu mradi huu hapa Dodoma huuliza swali moja kabla ya mengine: vipi MV Bukoba? Dada mmoja ninayefanya naye kazi, ambaye familia yake ni ya Kagera, aliniuliza kwa sauti ya chini, na nilimjibu kwa ukamilifu kadiri nilivyoweza.

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mwaka ule satelaiti ya kiraia ya aina hii, ambayo picha zake leo ni za bure, ilikuwa Landsat 5, pikseli ya mita 30, ikipita kila siku 16. Na maji ya Ziwa Victoria ni ya kijani kwa mwani, mwanga unaishia mita moja, mbili. Chuma kikishuka chini ya hapo hakuna mkanda wa rangi utakaokifikia. Utepe wa tope nao unahitaji mkondo wa kupwa na kujaa, ambao ziwani haupo. Kwa hiyo picha zangu hazina la kusema juu ya MV Bukoba, wala Spice Islander ya Septemba 2011 kwenye mkondo wa kati ya Unguja na Pemba. Hizo zinahitaji chombo cha sauti kinachopita juu ya maji, na watu wa kukiendesha.

Jibu hilo limenifanya nibadilishe jambo kwenye jedwali. Meli ambayo ni kaburi la watu wengi sasa ina alama yake, na mahali ilipo halionyeshwi kwa usahihi wa pikseli. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo. Novemba 2016, wapiga mbizi waliokuwa wanajiandaa kwa kumbukumbu ya Mapigano ya Bahari ya Java ya 1942 waliteremka kwenye manowari za Kiholanzi De Ruyter na Java wakakuta hazipo. Zimekatwa na kubebwa kama vyuma chakavu, pamebaki alama ya umbo lake kwenye sakafu ya bahari. Mabaharia walikuwa wamezikwa ndani yake. Anayetangaza mahali pa chuma hawezi kuchagua nani asome.

Simu moja ya mwezi huu inastahili kuandikwa. Kusini mwa Kilwa nilikuwa na doa: refu, jeusi, halisogei, linajitokeza siku za bamvua, pikseli 8 kwa 2. Shemeji yangu alinipa namba ya nahodha mmoja mzee wa huko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapo unapopasema napajua. Ni mwamba ule, sisi tunaupita kila kusi. Ingekuwa meli, nyavu zingetuambia."

Akanieleza wanavyojua wao. Chuma kikilala chini, nyavu hukatika kwa mstari ulionyooka, mwamba huzichana ovyo. Chewa wakubwa huingia ndani na kukaa. Maji juu yake hugeuza viwimbi upepo ukiwa umelala. Nilipomuuliza kama kuna mahali pa namna hiyo anapopajua, alicheka kwa upole. "Pa chewa hapatajwi kwenye simu, mwanangu." Nimekubaliana naye, na nimemwahidi kwamba hata picha zikinionyesha, sitapaweka hadharani bila kumpigia kwanza. Alama yake ya viwimbi nimeichukua: ni jambo ambalo rada inaweza kulipima.

Septemba

Hali ilivyo. Sehemu ya meli zinazoonekana juu ya maji imekamilika kwa pwani za Namibia, Mauritania na Bahari ya Shamu upande wa Sudan. Sehemu ya tepe za tope inafanya kazi Ubelgiji na nimeanza kuipeleka mlango wa Mto Thames nchini Uingereza, ambako Richard Montgomery, meli nyingine ya Liberty, imelala tangu 1944 na mabomu yake ndani, milingoti ikionekana juu ya maji. Hiyo itanipa kipimo cha kulinganisha. Kwa kina kwenye maji safi nimeanza kutumia vipimo vya ICESat-2, satelaiti ya Marekani ya mwaka 2018 yenye leza ya kijani inayoweza kusoma sakafu ya bahari hadi mita 40 hivi pale maji yanapokuwa meupe kabisa. Inapima kwa mstari mwembamba tu chini ya njia yake, lakini mstari ukipita juu ya doa ninalolishuku, napata kimo chake.

Pwani yetu ndiyo iliyobaki nyuma, na sasa ndiyo ya mbele. Nashusha picha za bamvua kuanzia Mtwara kwenda kaskazini hadi Moa, usiku wakati bando ni rahisi. Mwenye picha ya simu ya meli iliyokwama au kuzama kwenye maji mafupi kati ya hapo, naipokea, mradi iwe na tarehe, saa, na hali ya maji ilivyokuwa. Akiwa ni mvuvi na hataki mahali pake pajulikane, aseme tu, itaingia kwenye hesabu bila kuingia kwenye ramani.